Kuandika Riwaya ya Urafiki wa Maisha kati ya Wasichana Wawili Wasiofanana: Mwongozo Kamili kuanzia Wazo hadi Rasimu ya Pili

Riwaya inayofuata urafiki wa wasichana wawili tangu utotoni hadi uzeeni huonekana rahisi kuibuni, kwa sababu karibu kila mtu amewahi kuwa na rafiki na anajua jinsi urafiki unavyofariji, unavyochosha na unavyoumiza. Ugumu wake hujitokeza baada ya sura ya tatu au ya nne. Urafiki, tofauti na mapenzi, hauna ngazi zinazotambulika: hauna posa, hauna harusi, hauna talaka, wala hauna siku rasmi ya kuanza na ya kwisha. Mwandishi wa hadithi ya mapenzi amekwisha kuchongewa ngazi hizo na jamii. Mwandishi wa hadithi ya urafiki hana budi kuzichonga mwenyewe, na asipozichonga hubaki na mfululizo wa matukio mazuri ambayo hayasukumani.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja: tofauti kati ya wasichana wawili haiwi hadithi mpaka izae deni. Mmoja amemfanyia mwenzake kitu ambacho, kwa jinsi alivyo, yeye peke yake ndiye angeweza kukifanya. Naye mwenzake, kwa jinsi alivyo, hawezi kukilipa kwa namna ileile. Miswada mingi ya aina hii hufifia kwa sababu mwandishi ametumia nguvu zake zote kuonyesha kwamba mmoja ni mchangamfu na mwingine ni mpole, kisha akasubiri hali hiyo ilete visa yenyewe. Haileti.

Hatua ya kwanza: Tafuta deni kabla ya kutafuta tabia

Kabla hujaamua majina, sura na familia za wahusika wako, andika sentensi tatu. Ya kwanza ieleze kile ambacho msichana mmoja alimfanyia mwenzake walipokuwa wadogo. Ya pili ieleze kwa nini mwenzake hakuweza kukilipa. Ya tatu ieleze ni nani kati yao anayekikumbuka, na anakikumbuka vipi. Ikiwa sentensi ya tatu inakushinda, usianze kuandika sura yoyote, kwa kuwa kumbukumbu zinazopishana ndizo zitakazoibeba nusu ya pili ya riwaya.

Tuchukue mfano wa kubuni utakaotumika katika mwongozo mzima. Neema anajulikana na watu wote kuwa msichana msema kweli. Husema kweli hata inapoumiza, na hujivunia jambo hilo. Zawadi husema uongo kwa wepesi, si kwa ubaya, bali kwa sababu hawezi kuvumilia kumwona mtu akiaibika. Wakiwa na umri wa miaka tisa, Neema anachana kitabu cha mwalimu kwa bahati mbaya. Kabla hajafungua kinywa, Zawadi anasimama na kusema kwamba ni yeye aliyekichana, naye anaadhibiwa mbele ya darasa. Neema ananyamaza. Tangu siku hiyo sifa ya ukweli aliyo nayo Neema imesimama juu ya uongo wa Zawadi, na ni wao wawili tu wanaolijua hilo.

Deni la namna hii lina faida kadhaa kwa mwandishi. Ni dogo kiasi kwamba mtoto anaweza kujifanya amelisahau, lakini linagusa kile hasa ambacho mdaiwa anajivunia. Haliwezi kulipwa kwa fedha wala kwa wema mwingine, kwa sababu malipo pekee yanayolingana nalo yangemlazimu Neema aseme uongo, na kufanya hivyo ni kuacha kuwa Neema. Aidha, mdai mwenyewe huenda hajui kwamba anadai. Jihadhari na deni kubwa mno, kama la kuokolewa usizame mtoni. Tendo la namna hiyo huwafunga wahusika katika shukrani, na shukrani, hata ikiwa ya kweli kiasi gani, haisogezi hadithi mbele.

Hatua ya pili: Jenga tofauti inayotenda kazi

Tofauti za nje, yaani utajiri na ufukara, elimu na kukosa elimu, uzuri wa sura, afya, au idadi ya watu nyumbani, zina kazi yake: huamua ni nafasi zipi zitakuwa wazi kwa kila msichana. Tofauti za ndani huamua kila mmoja atafanya nini akipata nafasi hiyo. Riwaya inahitaji zote mbili, lakini waandishi wengi wanaoanza huishia kwenye zile za nje, na matokeo yake msomaji anaweza kutabiri maisha ya wahusika wote wawili kabla hajafika katikati.

Njia ya kupima tofauti ya ndani ni kuwapa wasichana wote wawili jaribu moja na kuandika ukurasa mmoja kwa kila mmoja. Mpe kila mmoja fedha alizoziokota mahali pasipo na mtu. Mpe kila mmoja siri ya mtu mzima aliyoisikia bila kukusudia. Mfanye kila mmoja aulizwe na mama yake swali ambalo jibu lake la kweli litamponza mwenzake. Kurasa hizo sita si lazima ziingie katika riwaya, na pengine hata moja haitaingia. Kazi yake ni kukuonyesha kama una watu wawili au una mtu mmoja uliyempa majina mawili. Ukikuta kwamba wote wawili wanatenda jambo lilelile, tofauti ikiwa tu kwamba mmoja analitenda kwa sauti kubwa na mwingine kwa sauti ndogo, rudi mwanzo.

Hakikisha pia kwamba kila tabia ina gharama na ina mvuto. Ukweli wa Neema unamfanya aaminiwe na kila mtu na asipendwe na wengi. Uongo wa Zawadi unamfanya apendwe na kila mtu, lakini siku anapokuwa na jambo zito la kweli hakuna anayemwamini. Kila mmoja anamwonea mwenzake wivu na wakati huohuo anamdharau kidogo, na dharau hiyo ndogo, ambayo hakuna kati yao angekubali kuikiri, ina manufaa makubwa kwa mwandishi kuliko upendo wao. Upendo msomaji ataukubali mara moja kwa kuwaona tu wakiwa pamoja. Dharau ndiyo itakayomfanya aendelee kusoma ili ajue itajitokeza lini.

Hatua ya tatu: Tengeneza jedwali la miaka

Chukua karatasi kubwa na uchore jedwali lenye safu sita: mwaka, umri wa msichana wa kwanza, umri wa wa pili, mahali kila mmoja alipo, hali ya urafiki kwa wakati huo, na mwisho, nani anajua nini. Wape wote wawili tarehe kamili za kuzaliwa, kwa kuwa tofauti ya miezi minane inaweza kumfanya mmoja awe na umri wa miaka kumi na sita na mwingine kumi na saba katika tukio lilelile, na msomaji makini hugundua makosa ya hesabu haraka kuliko anavyogundua makosa ya tabia.

Safu ya mwisho ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Katika urafiki wa miaka mingi, kila mmoja hukusanya mambo asiyoambiwa, mambo aliyoambiwa na mtu mwingine, na mambo anayodhani mwenzake hayajui. Katika mfano wetu, Zawadi hajui ni kwa nini Neema alienda kwa mwalimu peke yake wiki moja baada ya tukio la kitabu: alikuwa amedhamiria kusema kweli, akarudi bila kusema. Neema naye hajui kwamba Zawadi alimwona akirudi. Ukiyaandika mambo kama haya katika jedwali utajua ni wapi taharuki ilipo bila kulazimika kubuni ajali, ugonjwa au mgeni wa ghafla.

Katika safu ya mahali, ongeza jambo ambalo husahaulika: njia ya mawasiliano iliyokuwapo mwaka huo. Ukimya wa miaka mitano kati ya watu wanaotegemea barua unaweza kuwa bahati mbaya tu, kwani barua hupotea na anwani hubadilika. Ukimya uleule kati ya watu wenye simu za mkononi ni uamuzi unaofanywa upya kila siku. Ikiwa riwaya yako inapita katika vipindi vyote viwili, mgogoro wa zamani hauwezi kusimuliwa kwa namna moja na mgogoro wa baadaye.

Hatua ya nne: Chagua miaka ya kusimulia na miaka ya kuruka

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tatizo. Ukikusudia riwaya ya maneno 80,000 inayofuata maisha ya miaka 60, na ukagawa kwa usawa, kila mwaka utapata maneno yapatayo 1,300, ambayo hayazidi kurasa tano. Hakuna tukio litakalopumua katika nafasi hiyo. Kwa hiyo chagua vipindi vitano hadi saba, kila kimoja kiwe na majuma au miezi michache tu, na uviandike kwa ukamilifu. Kilichobaki kiache kipite.

Waandishi wengi huogopa kuruka miaka kwa kudhani kwamba msomaji atahisi ameibiwa. Riwaya ya mwandishi Mmarekani Toni Morrison iitwayo Sula, iliyochapishwa mwaka 1973 na inayohusu marafiki wawili, Nel na Sula, inaonyesha kinyume chake. Sura zake zina miaka kama vichwa. Sehemu ya kwanza inaishia mwaka 1927, kwenye harusi ya Nel, na sehemu ya pili inaanza mwaka 1937 Sula anaporejea. Miaka kumi imerukwa pale ambapo mwandishi mwingine angeona ni lazima aeleze. Kuelekea mwisho, hadithi inaruka tena kutoka mwaka 1941 hadi 1965. Pengo hilo halipunguzi uzito wa urafiki, kwa sababu msomaji analazimika kufanya kile wanachofanya marafiki waliopoteana: kumtazama mtu aliyerudi na kujaribu kukisia yaliyompata.

Unaporudi baada ya pengo, usianze sura kwa muhtasari wa yaliyotokea. Anza na jambo moja lililobadilika ambalo mmoja wa wahusika hawezi kuacha kulitazama, liwe namna mwenzake anavyokaa kitini, au mtu mpya ambaye sasa anamkatiza anapozungumza. Habari nyingine zitaingia zenyewe kupitia mazungumzo, tena si zote. Kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, kitumike kwa uchoyo. Riwaya ya maisha mazima ikirudi nyuma katika kila sura, msomaji hupoteza hisia kwamba miaka inapita, na hisia hiyo ndiyo sababu ya kuchagua umbo hili refu badala ya hadithi fupi.

Hatua ya tano: Amua nani asimulie

Kuna njia nne zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kumpa mmoja wa marafiki kazi ya kusimulia katika nafsi ya kwanza. Ya pili ni kubadilishana sura kati ya wote wawili. Ya tatu ni msimulizi maizi anayejua mioyo ya wote. Ya nne ni barua au maandishi mengine ambayo mmoja anamwandikia mwenzake.

Maoni yangu ni kwamba njia ya pili, ambayo huonekana kuwa ya haki zaidi, ndiyo hatari zaidi. Msomaji akiingia katika mioyo yote miwili kwa zamu, hakuna kitu kinachobaki kufichika, na urafiki unageuka kuwa kesi ambayo yeye ni hakimu mwenye ushahidi wote. Ukiichagua, basi mfanye angalau mmoja wa wasimulizi ajidanganye. Njia ya kwanza na ya nne zina nguvu kwa sababu zinaacha upande mmoja gizani: tunamjua rafiki wa pili kupitia macho ya mtu anayempenda, anayemwonea wivu na ambaye pengine anamdai.

Mfano wa njia ya nne unaopatikana kwa Kiswahili ni riwaya ya mwandishi wa Senegal Mariama Bâ iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na kutafsiriwa kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, aliyefiwa na mumewe, anamwandikia Aissatou, rafiki yake tangu utotoni. Wote wawili walipatwa na jambo lilelile, waume wao kuoa mke wa pili. Aissatou aliondoka na wanawe, Ramatoulaye alibaki. Jaribu ni moja na majibu ni mawili, na hakuna jibu linalotangazwa kuwa ndilo sahihi. Angalia pia kwamba Aissatou yuko mbali katika sehemu kubwa ya kitabu, na bado uwepo wake unahisika katika kila ukurasa kwa kuwa maneno yote yameelekezwa kwake. Kuna hata deni: Aissatou ndiye aliyemnunulia rafiki yake gari alipoachwa bila usafiri.

Kwa mwandishi wa Kiswahili kuna sababu nyingine ya kiufundi ya kufikiria uchaguzi huu mapema. Wahusika wakuu wote wawili wako katika nafsi ya tatu umoja, na viambishi vyao vya mtenda na mtendwa ni vilevile. Sentensi kama “Alimwambia kwamba amemsamehe, lakini hakuamini kama alijua alichomkosea” inaweza kusomwa kwa njia kadhaa, na riwaya ya usimulizi maizi itakuwa na mamia ya sentensi za namna hiyo. Nafsi ya kwanza huondoa tatizo mara moja, kwa kuwa mmoja anakuwa “mimi”. Ukibaki na nafsi ya tatu, tumia jina la mtenda kila tukio linapobadilisha mkono, tumia “mwenzake” kwa yule anayetendewa, na pale ambapo ukungu unazidi geuza usemi wa taarifa kuwa usemi halisi: “Nimekusamehe,” alisema Zawadi. Neema hakuamini kama mwenzake alijua kosa lenyewe.

Hatua ya sita: Andika utoto bila kuupamba

Sura za utoto zina kishawishi cha kuandikwa kwa lugha tamu ya kukumbuka. Watoto wenyewe hawajui kwamba wanaishi siku za kukumbukwa, wala hawazungumzi kuhusu urafiki wao. Wanacheza, wanagombana juu ya sheria za mchezo, wanaamua nani awe nani. Kwa hiyo waonyeshe wakiwa na kazi mikononi: wanajenga kitu, wanaficha kitu, wanamfuata mtu. Katika mchezo mmoja uliobuniwa vizuri, ambapo Zawadi anabadilisha sheria kila anapomwona mwenzake anakaribia kushindwa na Neema anakasirika badala ya kushukuru, tayari una riwaya nzima kwa ufupi.

Wape neno moja la siri au kanuni moja ya mchezo ambayo ni yao peke yao, na uitumie mara tatu tu katika kitabu kizima. Ikijitokeza mara kumi itakuwa pambo.

Sauti za mazungumzo zitenganishwe mapema na zikue pamoja na umri. Jaribio rahisi ni kuziba majina ya wasemaji kwa mkono na kusoma mistari ya mazungumzo peke yake. Ikiwa huwezi kumtambua msemaji, sauti bado hazijakomaa. Neema anaweza kuwa mtu anayemaliza kila sentensi aliyoianza, hata akikatizwa. Zawadi anaweza kuwa mtu anayejibu swali kwa swali. Miaka arobaini baadaye tabia hizo zibaki, lakini zipungue au zipate ukali mpya, maana mtu wa miaka hamsini hazungumzi kama alivyozungumza akiwa na tisa, ingawa rafiki yake wa zamani bado anamsikia yule wa tisa ndani yake.

Hatua ya saba: Panga wivu, ufa na ukimya

Hapa ndipo riwaya nyingi za urafiki hushindwa, kwa hiyo tutakaa zaidi. Kosa la kawaida ni kuleta mwanamume ambaye wote wawili wanamtaka, kisha kuuachia mgogoro huo kazi yote. Si kwamba jambo hilo halitokei; ni kwamba linahamisha kitovu cha hadithi kutoka kwa marafiki hadi kwa mtu wa tatu. Ukilitumia, hakikisha kwamba jeraha lenyewe linahusu kile ambacho rafiki alikijua kuhusu mwenzake na akakitumia.

Majeraha ya urafiki yako ya aina tatu: jambo lililotendwa, jambo ambalo lingepaswa kuonwa na halikuonwa, na jambo lililosemwa kwa mtu mwingine. La pili ndilo linaloumiza kwa muda mrefu zaidi na ndilo gumu kulalamikia, kwa sababu anayelalamika anaonekana mdogo. Panga angalau majeraha mawili madogo ya aina hii kabla ya ufa mkubwa, na uyaandike kwa wepesi kiasi kwamba msomaji ayapite bila kusimama. Ufa ukifika, atarudi nyuma mwenyewe kuyatafuta.

Katika mfano wetu, wahusika wana umri wa miaka ishirini na sita. Zawadi amechumbiwa, naye amemficha mchumba wake jambo la zamani ambalo anaona halina madhara tena. Mchumba anamwendea Neema, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba Neema hasemi uongo, na kumuuliza moja kwa moja. Neema anasema kweli. Uchumba unavunjika. Kwa upande wa Neema, hilo ni tendo la uaminifu. Kwa upande wa Zawadi, ni mtu aliyewahi kukubali uongo alipouhitaji yeye, na sasa anaukataa anapouhitaji mwenzake.

Tukio la ugomvi liandikwe kwa kanuni moja: wagombane juu ya jambo jingine. Wagombane juu ya nguo iliyoazimwa, juu ya safari iliyoahirishwa, juu ya namna mmoja anavyomtaja mama wa mwenzake. Zawadi ana silaha moja ambayo ingemnyamazisha Neema papo hapo, yaani kitabu kilichochanwa miaka kumi na saba iliyopita, na msomaji anaijua. Zawadi asiitumie. Kila sentensi anayoitamka bila kukitaja kitabu inaongeza uzito, na anapoondoka bila kukitaja Neema ndiye anayebaki na kazi ya kujiuliza kama mwenzake amesahau au amemhurumia. Huruma hiyo, ikiwa ndiyo, ni deni la pili.

Kisha unafuata ukimya. Kipindi cha kutengana kisiwe na maelezo mengi, lakini asiyekuwepo aendelee kuishi ndani ya mazoea ya aliyebaki. Neema anajikuta, kwa mara ya kwanza, akimwambia mtoto wake uongo mdogo wa kumfariji, na sauti anayoitumia si yake. Zawadi anajikuta akimwambia bosi wake kweli chungu na kuona ladha yake. Usiwabadilishe nafasi kabisa, kwa sababu mpangilio uliokamilika kupita kiasi humfanya msomaji amwone mwandishi nyuma ya pazia. Alama moja au mbili zinatosha.

Hatua ya nane: Waweke watu wengine mahali pao

Wazazi, waume, watoto na wafanyakazi wenza wahitajike kwa sababu ya kile wanachofanya kwa urafiki huo, vinginevyo watoe. Mhusika mmoja wa ziada mwenye manufaa ni rafiki wa tatu, yule anayejiunga nao kwa muda na kuondoka, kwa kuwa anaweza kuuliza maswali ambayo marafiki wawili hawaulizani. Mwingine ni mama wa mmoja wao anayempenda rafiki kuliko bintiye. Wahusika hawa wanaweza kuwa bapa, yaani wasiobadilika na wenye sifa chache, bila aibu yoyote.

Hatua ya tisa: Fika uzeeni bila kukimbilia kifo

Kifo cha mmoja wao ni mwisho unaojitokeza kwanza katika akili ya kila mwandishi, na una kasoro ya kumaliza deni kwa kulifuta. Kabla ya kukubali mwisho huo, jaribu kuandika mwisho ambamo wote wawili wangali hai na deni limebadilika umbo. Swali la kujiuliza ni hili: je, kuna hali ambayo ingemfanya mdaiwa aweze kulipa, lakini kwa gharama ya kile alichokithamini maisha yake yote?

Katika mfano wetu wahusika wamefika miaka sitini na minane, wamepatana tangu zamani bila kuzungumzia lolote, na kumbukumbu za Zawadi zimeanza kumtoka. Mbele ya watoto na wajukuu anasimulia jinsi alivyochana kitabu cha mwalimu akiwa mdogo, na anakisimulia kisa hicho kwa aibu ya kweli, kwa kuwa uongo wake mwenyewe umekwisha kuwa kumbukumbu yake. Neema ameketi pembeni. Akisema kweli atamwondolea aibu na wakati huohuo atamwonyesha mbele ya wote kwamba akili yake inamwacha. Akinyamaza atakuwa amenyamaza mara ya pili. Akisema uongo, kwamba walikichana pamoja, atakuwa amelipa kwa njia ambayo Zawadi peke yake ndiye angeielewa, na Zawadi hawezi kuielewa tena. Mwandishi anaweza kuchagua lolote kati ya hayo matatu, na kila moja litakuwa limetokana na ukurasa wa kwanza. Ukiwa na mwisho wenye njia zaidi ya moja zilizo sahihi, tambua kwamba msingi wako uko imara. Ukiwa na mwisho mmoja tu unaowezekana, huenda uliulazimisha.

Tukio la mwisho lisieleze maana ya urafiki. Wazee hawa wamefahamiana kwa miaka sitini. Hawana sababu ya kuanza kuambiana mambo ambayo wote wawili wanayajua.

Hatua ya kumi: Rekebisha rasimu kwa kuisoma mara mbili kwa njia mbili

Ukimaliza rasimu ya kwanza, iache kando kwa majuma kadhaa, kisha usome sehemu zote zinazomhusu msichana wa kwanza peke yake, ukiruka nyingine. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili. Utagundua jambo ambalo usomaji wa kawaida hulificha: mmoja kati yao karibu kila mara ana maisha, na mwingine ana kazi ya kumtazama tu. Mpe huyo wa pili tukio moja kubwa ambalo mwenzake halijui kamwe, hata mwisho wa kitabu. Hata msimulizi akiwa mmoja, tukio hilo linaweza kuonekana kwa alama zake: kovu, kiasi cha fedha kisichoelezeka, mtu anayemsalimia barabarani kwa heshima ya ajabu.

Baada ya hapo pitia jedwali la miaka sambamba na muswada, ukikagua umri, misimu, na hasa safu ya nani anajua nini, kwa kuwa kosa la kawaida katika rasimu ya kwanza ni mhusika kujibu jambo ambalo bado hajaambiwa. Pitia pia viambishi vya nafsi ya tatu katika kila ukurasa wenye wahusika wote wawili, ukisoma kwa sauti.

Ikiwa chanzo cha riwaya ni urafiki wako halisi, hii ndiyo hatua ya kubadilisha kazi, mahali, idadi ya watoto na maradhi, kisha kujiuliza kama siri unayoitumia ni yako au ya mwenzako. Siri yake haiwi yako kwa sababu tu ulikuwepo aliposema, na kubadilisha jina hakumzuii kujitambua.

Mwisho, mpe muswada msomaji mmoja ambaye tabia yake inafanana na ya msichana wa kwanza na mwingine anayefanana na wa pili. Usiwaulize kama wameipenda hadithi. Waulize ni nani anayemdai mwenzake na ni kwa ajili ya nini. Ikiwa wote wawili watamtaja mhusika yuleyule bila kusita, rudi kwenye tukio la ugomvi na umwongezee mwingine sababu. Ikiwa hakuna hata mmoja anayeweza kutaja deni lenyewe, rudi kwenye sura ya kwanza, kwa kuwa tukio lake limefichwa mno au limeandikwa upesi mno.